Lawama Iliyomwangukia Mama

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilimtuma Uganda daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, akachunguze habari za kaswende miongoni mwa Waganda. Hakuchukua muda kupata jibu. Kwa maelezo yake, yaliyochapishwa Uingereza mwaka uliofuata, ugonjwa ulikuwa umeenea mno, mimba zilikuwa zikiharibika, watoto wakizaliwa wafu, na hatua zisipochukuliwa kabila zima lingetoweka. Jibu halikuishia kwenye ugonjwa. Lambkin alitaka pia kumjua aliyeuleta msiba huo, na kidole chake kikamwangukia mwanamke wa Kiganda, ambaye kwa maoni yake alikuwa amelegezewa adabu tangu Ukristo ulipoingia na adhabu kali za zamani zilipofutwa. Kutokana na hofu hiyo zilifuata sindano za zebaki, hospitali ya Mulago iliyoanzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa, na ukaguzi wa miili kwa amri, machifu wakitumika kuwakusanya watu, jambo ambalo Waganda wengi waliliona kuwa ni kudhalilishwa.

Madaktari waliokuja baadaye walizitilia shaka hesabu hizo, tena kwa haki. Kipimo cha damu cha kaswende, kilichobuniwa Ujerumani mwaka 1906, hakikuwa mikononi mwa wale waliokuwa wakihesabu wagonjwa vijijini. Wao walitazama vidonda na kuuliza maswali. Buba, ambayo watoto huambukizana kwa kugusana ngozi tu, huacha vidonda vinavyoweza kudhaniwa kuwa vya kaswende. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichoitwa kaswende ya Buganda huenda haikuhusiana kabisa na mambo ya chumbani. Na kama watu walikuwa wakipungua, nchi ile ilikuwa imetoka kwenye vita vya dini vya miaka ya 1888 hadi 1892, na malale yalikuwa yakifyeka watu kando ya ziwa Victoria, zaidi ya 200,000 katika miaka ya mwanzo ya karne. Yote hayo Lambkin angeweza kuyaona. Simtaji ili kumsuta marehemu. Namtaja kwa sababu namna yake ya kuuliza imeishi kuliko yeye. Mpaka leo, mtoto anapozaliwa mfu, macho hugeukia kwanza mwili wa mama na mwenendo wake: umri wake, mimba alizobeba, alichokula, alikochelewa. Ushahidi uliokusanywa katika nchi zetu kwa muda wa miaka mia moja unatuelekeza kwingine, kwenye huduma iliyomfikia au isiyomfikia mama yule tangu siku ya kwanza ya kliniki hadi saa ya mwisho ya uchungu.

Hata zama za Lambkin palikuwa na njia nyingine. Katharine Cook, muuguzi wa misheni ya Kianglikana, na mumewe Albert, daktari aliyeanzisha hospitali ya Mengo, walifungua Namirembe mwaka 1921 shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon. Nao walihubiri sana juu ya maadili, hilo halifichiki. Lakini aliyetoka katika shule ile alikuwa mkunga mwenye ujuzi, aliyepelekwa kwenye kituo cha kijijini kuwapima wajawazito na kuwazalisha. Mahubiri yamesahaulika, ukunga ule ukabaki na kukua.

Lugha ya siku hizi ni ya upole zaidi. Hatusemi tena tabia mbaya, tunasema vihatarishi. Kila aliyewahi kuishika kadi ya kliniki anaifahamu orodha: mama aliye chini ya miaka 20 au zaidi ya 35, mimba ya kwanza, mimba ya tano na kuendelea, mwanamke mfupi, aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kupoteza mtoto. Orodha hiyo ilitokana na fikra njema. Kuanzia miaka ya 1970 wataalamu wa afya ya jamii, wakijua kwamba hospitali ni chache na ziko mbali, waliona kuwa dawa ni kuwachambua wajawazito mapema. Wenye alama za hatari wapelekwe hospitali, wengine wote wazalie zahanati au nyumbani kwa mkunga wa jadi. Kwa nchi yenye daktari mmoja kwa maelfu ya watu, hesabu hiyo ilivutia.

Jaribio lililoipima hesabu hiyo vizuri zaidi lilifanyika katika nchi ya Waswahili wa bara. Kasongo, mji wa jimbo la Maniema mashariki mwa Kongo, unakumbukwa zaidi kwa mfanyabiashara Tippu Tip na misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyokifikisha Kiswahili hadi mto Lualaba. Katika miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire, madaktari wa hapo na wenzao wa Ubelgiji waliendesha mradi wa afya wa wilaya, na wakawafuatilia wajawazito ili kuona kama alama zilizoandikwa kliniki zingeweza kumtabiri yule ambaye mtoto angemkwama njiani. Matokeo yalitoka katika miaka ya 1980. Kati ya kila wanawake 100 waliokwamwa na mtoto, 71 hawakuwa wamewekewa alama yoyote ya hatari. Na kati ya kila 100 waliowekewa alama, 90 walijifungua bila kupatwa na tatizo hilo. Tuzitafakari namba hizi. Wanawake walioambiwa wako salama, wakabaki kijijini kwa moyo mkunjufu, ndio waliokuwa wengi miongoni mwa waliofikwa na balaa. Yule aliyetishwa na kuambiwa auze mbuzi apate nauli ya hospitali mara nyingi angejifungua salama hata kwenye zahanati ya jirani. Orodha ya hatari ilikuwa ya kweli katika wastani wa watu maelfu, lakini ilikuwa haimjui mtu mmoja aliyelala kitandani.

Katika tofauti hiyo ya wastani na mtu mmoja ndipo historia nzima ya jambo hili inapogeukia. Hatari ikiwa inakaa mwilini mwa mama tangu mwanzo, kazi yetu ni kumtambua na kumwonya, na akifikwa na msiba tutasema tulimwambia. Hatari ikiwa inaweza kumzukia mjamzito yeyote, saa yoyote ya uchungu, basi kazi ni kuwa karibu naye, kutazama, na kuchukua hatua kabla ya mtoto kuishiwa na hewa. Lawama za kazi ya kwanza huishia kwa mama, na za kazi ya pili hutufikia sisi wengine, wakiwemo wanaopanga bajeti.

Chombo cha kazi hiyo ya pili kilizaliwa Afrika. Katika hospitali ya Harari mjini Salisbury, mji unaoitwa leo Harare, madaktari Philpott na Castle walikuwa wakipokea wanawake waliotoka kliniki za mbali wakiwa wameshinda na uchungu kupita kiasi, mtoto ameshakufa au yuko hoi. Mwaka 1972 walichapisha karatasi ya mchoro inayomwezesha mkunga kuandika, saa kwa saa, mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, mtoto ameshuka kiasi gani na moyo wake unapiga vipi. Walichora mstari wa tahadhari, unaopanda sentimita moja kwa saa, na saa nne mbele yake mstari wa hatua. Alama za mkunga zikivuka mstari wa kwanza, mama aliye kliniki ahamishwe. Zikifika wa pili, hospitali iamue. Hiyo ndiyo patografu, ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliichukua na kuieneza baada ya mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987. Ilipojaribiwa kwa wanawake zaidi ya 35,000 huko Indonesia, Malaysia na Thailand, na taarifa kutolewa mwaka 1994, waliosumbuka na uchungu wa muda mrefu walipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4, na watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Uzuri wa karatasi ile ni kwamba haimuulizi mama ana miaka mingapi wala kasoma hadi darasa la ngapi. Inamtaka mkunga aandike alichokiona saa hii, kisha saa ijayo.

Kaswende nayo ilirudi kwenye hadithi, safari hii ikiwa na vipimo. Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliwapima wanawake waliofika kujifungua bila kuwahi kupimwa kaswende kliniki. Miongoni mwa wale ambao maambukizi yalikuwa makali, mmoja kati ya kila wanne alijifungua mtoto mfu, na kwa hesabu ya watafiti hao, zaidi kidogo ya nusu ya watoto wote wafu katika kundi hilo la wasiopimwa, asilimia 51, walitokana na kaswende ya mama. Mtu angeweza kusema Lambkin alikuwa sahihi. Kuhusu nguvu za mdudu, ndiyo. Kuhusu mama, hapana, na sehemu ya pili ya utafiti uleule ndiyo inayoonyesha hivyo. Wanawake waliopimwa mapema na kuchomwa sindano moja tu ya penisilini ya kukaa muda mrefu walijifungua sawa na wasiokuwa na ugonjwa. Wengi wa wanawake wale hawakuwa na habari kwamba wanaumwa, na anayetulia na mume mmoja huambukizwa na mume huyo. Kilichotofautisha mama aliyerudi na mtoto na aliyerudi mikono mitupu ni kama zahanati yake ilikuwa na kipimo na dawa siku aliyokwenda. Dawa yenyewe ilikuwa ikijulikana kutibu kaswende tangu mwaka 1943.

Wapo watakaojibu kwamba akina mama wenyewe huchelewa. Huanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita, hunywa dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, hungojea ruhusa ya mume au ya mama mkwe, hufika hospitali maji yamezidi unga. Siwezi kuyakana haya, na mwenye kuyakana hawasaidii akina mama. Lakini tuangalie yaliyotokea walipoacha kuchelewa. Tanzania, kwa mujibu wa takwimu za kitaifa za afya na uzazi, waliojifungulia katika vituo vya huduma walikuwa asilimia 47 mwaka 2004 na 2005; mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Akina mama wamefanya walichoambiwa. Kama kosa lilikuwa la kubaki nyumbani, watoto wafu wangekuwa sasa jambo la nadra hospitalini. Badala yake msiba umewafuata hadi leba, na hapo hauwezi tena kusingiziwa umbali wala mkwe.

Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ndiyo ya rufaa kwa visiwa vyote vya Zanzibar, na ni jambo la kuishukuru kwamba ilikubali kuchunguzwa na matokeo kutangazwa. Kabla ya mwaka 2015 watoto 59 katika kila vizazi 1,000 pale walizaliwa wafu. Watafiti walipofungua majalada ya watoto waliofia humo humo wodini, walikuta muda uliopita tangu moyo wa mtoto uliposikilizwa mara ya mwisho hadi kuzaliwa au kugundulika amekufa ulikuwa, kwa kawaida, kama saa tatu na nusu. Mwongozo unataka usikilizwe kila nusu saa, na mama akianza kusukuma, kila dakika tano. Wasomaji wasikimbilie kumhamishia mkunga lawama tuliyomtua mama. Mkunga mmoja mwenye wanawake kadhaa katika uchungu mkali, na mwingine anavuja damu, hawezi kuutimiza mwongozo ulioandikwa kwa nchi yenye mkunga mmoja kwa kila mzazi. Madaktari na wakunga wa pale, pamoja na wenzao wa Denmark, walikaa wakaandika mwongozo wao wenyewe, kijitabu cha kurasa nane cha kutia mfukoni, kilichozingatia idadi ya watu na vifaa vilivyokuwepo, kisha wakawa wanakutana kila baada ya miezi michache, nje ya saa za kazi, kujifunza pamoja. Mwaka mmoja baadaye idadi ilikuwa imeshuka hadi 39. Akina mama walikuwa walewale, wa mitaa ileile, wenye umri na umaskini uleule.

Kuna ushahidi mwingine mdogo unaonigusa zaidi ya huo. Kuanzia mwaka 2009 hospitali nane za Tanzania ziliwafundisha wakunga wake namna ya kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa bila kulia: kumkausha, kumsugua mgongo, kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago ndani ya dakika moja. Mafunzo hayakugusa ujauzito wala uchungu hata kidogo. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyotarajiwa. Lakini walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu muda si mrefu, ngozi yao bado nzima, nao walipungua kwa asilimia 24. Haiwezekani kumfufua aliyekufa kwa mfuko wa hewa. Maana yake ni kwamba baadhi ya walioandikwa wafu katika madaftari ya miaka iliyotangulia walikuwa hai, moyo unapiga taratibu, wakafungwa kwenye kanga na kuwekwa pembeni. Mama zao waliambiwa ni mapenzi ya Mungu, na wengine huenda waliulizwa walikula nini.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema kwamba umaskini, upungufu wa damu, presha, malaria na ndoa za utotoni ni vihatarishi vya kweli, na kwamba kuvipuuza ni kujidanganya. Wana haki. Mwaka 2019 Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na watoto wafu 21.7 kwa kila vizazi 1,000, na Ulaya Magharibi 2.9, na pengo la namna hiyo halielezwi na leba peke yake. Wapo pia watoto wanaokufa kwa sababu ambazo hospitali bora kuliko zote haziwezi kuzizuia, hiyo 2.9 ndiyo inayosema hivyo. Ninachopinga ni kuyahesabu mambo hayo kama sifa za mama. Uingereza yenyewe katika miaka ya 1930 ilikuwa na watoto wafu karibu 40 kwa kila vizazi 1,000, karibu mara mbili ya ile 21.7 ya Afrika. Ikaingia vitani mwaka 1939, mabomu yakinyesha juu ya miji yake, na kufikia 1945 idadi ilikuwa imeteremka hadi kama 28. Katika miaka hiyo ya dhiki serikali iligawa chakula kwa kadi, na wajawazito wakatangulizwa: maziwa kwa bei ya chini au bure, maji ya machungwa, mafuta ya samaki. Tiba pia zilisonga mbele wakati huo, kwa hiyo si maziwa peke yake. Hata hivyo hakuna aliyewabadilisha wanawake wa Kiingereza tabia. Kilichobadilika ni sahani iliyowekwa mbele yao. Vivyo hivyo malaria ya mjamzito hutokana na mbu, na vidonge vya SP vya kuizuia, ambavyo Tanzania ilianza kuwapa wajawazito wote kwa sera ya mwaka 2001, havichagui aliyesoma na asiyesoma. Kihatarishi kinachoondolewa na kidonge cha zahanati ni deni la zahanati.

Kwa nini basi lawama imedumu? Nadhani ni kwa sababu msiba huu haukuandikwa. Uingereza ilianza kuwasajili watoto waliozaliwa wafu mwaka 1927, ikiweka mpaka kwenye wiki ya 28 ya mimba, na mpaka huohuo ndio WHO inaoutumia kulinganisha nchi na nchi. Malengo ya Milenia ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 yalihesabu vifo vya akina mama na vya watoto wa chini ya miaka mitano. Aliyekufa kabla ya kuvuta pumzi hakuwemo. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 nayo yalimruka. Taarifa ya kwanza ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa juu ya watoto hawa ilitoka Oktoba 2020, ikikadiria karibu milioni mbili kwa mwaka duniani, zaidi ya asilimia 40 wakifa uchungu ukiwa umeshaanza, yaani walikuwa hai mama alipoanza kuumwa. Nyumbani nako ni kimya. Uchunguzi uliofanywa kusini mwa Tanzania uliwakuta wanawake wanaoficha msiba wa aina hii hata kwa wanaokuja kuhesabu watu, kwa kuogopa kusemwa na kwa kuogopa kudhuriwa tena. Hakuna matanga ya kuweka watu pamoja, jirani hajui aseme hongera au pole, na mama ananyonyesha hewa. Kifo kisichoandikwa popote huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na maneno: alitoka usiku, alimkosea mkwe, alitoa mimba ujanani.

Basi, ndugu msomaji, ikitokea kwako au kwa jirani, mwache mama apumzike na usimuulize kitu. Mwenye patografu yuko wodini. Mwulize, kwa heshima, moyo wa mtoto ulisikilizwa saa ngapi mara ya mwisho, na siku ile zamu ilikuwa na wakunga wangapi. Kisha jibu utakalopewa lipeleke kwa diwani wako na kwa mbunge wako, kwa sababu idadi hiyo ya wakunga iliamuliwa na watu wanaokuomba kura.